Kabati la Vinyonga

Mimi sijawahi kuwa mtu mpole, na sijutii. Mwanamke mpole asingeweza kufundisha biolojia Kamina mwaka ule vita ya pili ya nchi yetu ilipoanza, katika shule ya kanisa ambayo maabara yake ilikuwa imebaki kuta, sinki lisilo na bomba na kabati moja la mti wa mulombwa. Vingine vyote vilikwenda na vita ya kwanza. Wanajeshi waliokuwa wanakimbia walipita kwetu wakabeba darubini, mizani, chupa, hata fuvu la nyani tulilokuwa tunafundishia meno. Mmoja nilimwona kwa macho yangu kando ya reli, anakunywa maji kwa kopo la kioo la maabara yangu, na mimi nilijua vizuri wiki iliyotangulia tulikuwa tumechemsha nini ndani yake. Sikumwambia kitu. Kabati waliliacha kwa sababu ni zito. Walivunja tu vioo vya milango yake, bure kabisa, kwa hasira ya kushindwa kulibeba.

Basi nikafundisha kwa chaki. Moyo niliuchora ubaoni, figo nikaichora ubaoni, mjusi nikamchora ubaoni na mkia wake. Wanafunzi waliijua figo kama watu wanavyoijua Ulaya, kwa kusikia.

Siku moja, mvua za kwanza zikiwa zinanukia, prefe akaniita ofisini. Prefe ndiye mkuu wa shule kwetu. Huyu alikuwa mtu mwema, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipokuwa na habari mbaya, na siku hiyo aliifuta mpaka nikaogopa itavunjika.

“Madamu,” akasema, “mukaguzi anakuja na treni. Opsyo ya biolojia yenye haina mazoezi ya vitendo, atafunga. Amesema wazi.”

Opsyo ndivyo tunavyoliita tawi la masomo ambalo mwanafunzi anachagua na kulifuata mpaka mtihani wa serikali. Likifungwa ukiwa katikati, umekwisha.

“Na batoto bangu?” nikauliza.

“Bataenda ku ualimu. Bataanza upya.”

“Batoto bangu bataanza upya sababu ya basoda kuiba darubini?”

“Madamu, si minyi niliiba.”

Kweli, si yeye. Nilitoka nikaubamiza mlango wake hata hivyo.

Darasa langu la mwaka wa tano lilikuwa dogo, na kila mmoja angeumia, lakini mmoja wao alikuwa analala nyumbani kwangu na nilijua kila kitu chake. Alikuwa binti wa wakulima Wakatoliki wa upande wa Kabondo-Dianda. Alitaka kuwa mganga wa hospitali, si nesi, mganga mwenyewe, na alilisema hilo bila kuinamisha kichwa. Baba yake alikuwa amekubali kwa sharti moja: biolojia ikiendelea, binti asome, ikisimama, arudi nyumbani aolewe. Mchumba alikwisha kupatikana, mtu mzima wa umri wa baba yake, ambaye mke wake wa kwanza alikuwa amefariki na watoto walikuwa wanamngoja mama mpya.

Jioni nilimwambia habari ya mkaguzi. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Hakuacha kusonga.

“Madamu,” akasema, “minyi sirudi.”

Hivyo tu. Nami nikaanza kukosa usingizi kwa ajili yake.

Wiki ile ile ikaja amri kutoka kwa wakubwa wa jeshi: kila shule ichimbe handaki la kujificha, maana ndege za vita zilikuwa zinapita juu yetu kwenda kituo cha jeshi, na hakuna aliyejua lini ndege isiyo rafiki ingefuata njia ile ile. Jumamosi ndiyo siku ya salongo kwetu, kazi ya wote bila ubishi. Prefe akachagua mahali nyuma ya maabara yangu, penye udongo laini. Vijana wakavua mashati, wakashika majembe, wakaanza na nyimbo za kanisa.

Walikuwa wamefika kiunoni hivi nikasikia, “Mawee! Mawee!” Kijana mkubwa kuliko wote, yule aliyekuwa anataniana na wanajeshi pale kwenye kizuizi cha barabara bila kupepesa jicho, alirusha jembe lake na kutoka shimoni kwa mikono na miguu. Wenzake wakamfuata kabla hawajajua wanakimbia nini. Nikaenda kuchungulia. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na kitundu kimefunguka, na ndani yake mayai meupe, laini, madogo kama maharage, yamepangana udongoni. Jembe lilikuwa limepasua moja. Ndani ya lile moja kulikuwa na kinyonga amejikunja, mdogo kuliko kucha ya kidole changu gumba, na alikuwa anapumua.

Tulikumbuka sote. Mvua za msimu uliopita zilipokuwa zinaisha, kinyonga jike mnene alionekana pale pale anachimba kwa miguu yake siku nzima, na hakuna aliyemsogelea. Kwetu kinyonga haguswi. Wengine wanasema ukimgusa hutapata mtoto, wengine wanasema anakuachia ugonjwa wa ngozi, kila nyumba ina lake, ila zote zinakubaliana kwamba umpishe. Vijana wakaanza kupiga kelele iletwe mafuta ya taa, wengine maji ya moto.

“Mwenye kuleta moto, minyi njo nitamuunguza!” nikawaambia. “Leteni beseni!”

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshuka shimoni kwa gauni langu la shule, nimepiga magoti, mikono mitupu, nangoja beseni kama mjinga. Ndipo binti wa Kabondo-Dianda akateremka nalo. Asikudanganye mtu kwamba hakuogopa. Beseni lilikuwa linagonga ukuta wa shimo. Lakini alilishika pale nilipomwambia, na mimi nikayachota mayai pamoja na udongo wake, polepole, bila kuyageuza, kwa maana yai la kinyonga ukiligeuza juu chini umeliua.

“Tutayapeleka wapi, Madamu?” akaniuliza.

Nikamtazama yeye, nikatazama mayai, nikatazama dirisha la maabara yangu tupu. Mwili wote ukanisisimka kwa furaha. Mkaguzi anataka mazoezi ya vitendo? Atayapata, yenye macho na miguu!

“Tunabajengea nyumba,” nikasema. “Ya muda tu. Mvua zikishika, na mukaguzi akishaona, tunabarudisha mu majani.”

Tuliliweka beseni gizani chini ya sinki, limefunikwa kwa gunia lenye unyevu, na kabati la mulombwa tukalifanya nyumba. Milango yake haikuwa na vioo, kwa hiyo ilihitaji kitambaa cha kupitisha hewa. Chandarua hatukuwa nacho cha ziada, na vile vilivyokuwepo vilikuwa na matundu ya kupitisha kuku. Nikafungua sanduku langu nyumbani, nikatoa shela yangu ya arusi. Mume wangu, karani wa reli, akanikuta na mkasi mkononi.

“Mama, ile si shela?”

“Njo yenyewe.”

“Ya ndoa yetu?”

“Ndoa iko hapa, inasimama mu mulango na kuuliza maswali. Hii iko kitambaa.”

Alicheka, akaenda kunitafutia misumari midogo. Huyo ndiye mume niliyepewa.

Wanafunzi nao, nadhani kwa aibu ya kukimbia, wakaamua kwamba nyumba hiyo itakuwa ya heshima. Hao walikuwa watoto wa mama wa Kimethodisti. Mama wa Kimethodisti wa Kamina anafagia kiwanja chake alfajiri mpaka jani moja likianguka linaona haya, na mtoto wake hajui namna nyingine ya kumpokea mgeni. Walilisugua kabati kwa sabuni na mchanga. Waliosha kila rafu. Walifagia maabara, wakafagia nje ya maabara, wakang’oa kila unyasi uliokuwa karibu na dirisha. Juu ya rafu wakatandika vitambaa vyeupe vilivyotariziwa maua, vya kufunikia viti vya wageni, na wakaweka kisahani cha maji safi katikati. Nilipoingia nikapiga makofi. Ilikuwa nzuri, jamani! Hata askofu ungemlaza mle.

Mvua ya kwanza ikapiga bati, na siku chache baadaye mayai yakaanza kutoa jasho, kisha kupasuka. Walitoka mmoja mmoja, wembamba, wa rangi ya udongo, kila mmoja na macho yake mawili yanayotazama huku na huku tangu dakika ya kwanza. Tuliwahamishia kabatini kwa kijiti. Darasa zima lilikuwa limejazana nyuma yangu, wengine wamejifunika mdomo, lakini hakuna aliyekimbia.

Kesho yake wawili walikuwa wamekufa. Siku iliyofuata wakafa wengine. Waliobaki walikuwa wanajikokota juu ya vile vitambaa, wanateleza, wanaanguka ubavu, macho yamezama ndani. Maji ya kisahani hawakuyagusa. Tuliwawekea punje za bukari, wakazipanda na kuzipita. Binti wa Kabondo-Dianda hakula jioni ile.

“Bakikufa bote, Madamu, nitasema nini kwa mukaguzi?”

“Hawatakufa,” nikamwambia, kwa sauti kubwa kama mtu anayejua. Sikujua lolote. Chuoni tulifundishwa mifupa ya kinyonga, hakuna aliyetufundisha kumlea.

Asubuhi niliingia maabara nimetoka kunawa mikono, na kwa kuwa taulo iliibiwa na vita, nikaikung’uta tu. Matone yakarukia shela. Papo hapo kinyonga mmoja aliyekuwa amelala kama amekufa akainuka, akapanda kitambaa cha mlango akiyumba, akafika kwenye tone moja na kuanza kulinywa. Alikunywa mpaka koo likawa linacheza. Wakaja wengine. Nilisimama pale na mikono yangu imelowa, machozi yananitoka, nacheka peke yangu kama mwehu.

Kumbe! Mnyama huyu hajui kisahani. Anajua jani na umande. Na sisi tulikuwa tumemng’olea kila jani, tumemfagilia kila uchafu, tumemweka kanisani. Usafi wetu ulikuwa unamuua!

Wanafunzi walipoingia nikawaambia, “Toeni vitambaa. Leo tunachafua.”

Wacha wewe! Ilikuwa vigumu kwao kuliko kuchimba handaki. Msichana mmoja aliviondoa vitambaa akiwa karibu kulia. Lakini tukajaza kabati matawi ya mpera, matembele yenye mizizi na udongo wake, kuvu na magome, na kila asubuhi tukanyunyizia maji kwa ufagio. Vinyonga wakapanda juu, wakashika vijiti kwa mikono yao ile kama koleo, wakageuka kijani. Shida ikabaki moja, chakula. Mdomo wa kinyonga wa siku chache hauwezi nzi wa kawaida. Unataka vijinzi vidogo kabisa, vile vinavyozunguka juu ya munkoyo.

Kwa asiyejua, munkoyo ni kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi ya porini. Kikiwa kipya ni kitamu, kila mtu anakunywa, na mchungaji pia. Ukikiacha kikae, kinachacha, na kikishachacha kichwa cha mnywaji kinaanza safari. Sisi Wamethodisti hatunywi pombe, kwa hiyo katika nyumba yetu munkoyo haupewi nafasi ya kuzeeka. Unakwisha au unamwagwa. Mimi niliupa nafasi. Nilileta chungu kizima maabara, nikatupa ndani maganda ya mapera, nikakiacha wazi chini ya kabati. Vijinzi wakaja kama walioalikwa. Vinyonga wakaanza kula, ulimi ukitoka na kurudi kabla hujajua umeona nini, na wakaanza kunenepa. Na harufu, bila shaka, ikatoka dirishani ikaenda moja kwa moja mpaka mlango wa kanisa.

Mama prezida, mwenyekiti wa wamama wa kanisa, alikuwa na sauti ya kusimamisha treni na pua ya kuitangulia. Nilimheshimu sana, yeye ndiye aliyenifunda nilipoolewa. Aliingia maabara siku moja kabla ya mkaguzi kufika.

“Mwanangu,” akasema, “ile harufu njo nini?”

“Munkoyo, Mama.”

“Munkoyo ya lini?”

“Ya zamani, Mama.”

“Pombe! Mu masomo ya Mungu!” Akajishika kiuno. “Na vile vidudu? Unafuga kinyonga na kumupikia pombe? Mwanangu, uko sawa mu kichwa?”

Nilimweleza. Nilimweleza opsyo, nikamweleza vijinzi, nikamweleza binti na mchumba wake. Alisikiliza yote, akaguna, akaondoka. Mimi nikaenda darasani nikifikiri nimeshinda. Niliporudi, chungu kilikuwa kimegeuzwa juu chini mlangoni, kimeoshwa. Alikuwa ameumwaga munkoyo wote kwenye jaa la takataka, kando ya handaki, palipokuwa na maganda ya maembe ya jikoni. Vijinzi hakuna. Vinyonga wamegeuza macho yao kila upande, wanatafuta, na kesho mkaguzi anataka kuona vitendo!

Nilitukana. Ndiyo, mimi, mwalimu wa shule ya kanisa. Nilitukana kwa Kiluba, kwa kuwa Kiswahili hakikutosha. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilipogeuka nikaona kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa ameinamisha kichwa.

Asubuhi alitangulia shuleni. Nilikuwa njiani bado nikamwona anakuja mbio, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

“Madamu! Ku jaa! Bako ku jaa bote!”

Mungu ni mkubwa. Lile jua la jioni baada ya mvua, yale maganda ya maembe, na ule munkoyo uliochacha vizuri ukamwagwa juu yake wote kwa mara moja! Wingu la vijinzi lilikuwa limesimama juu ya jaa, maelfu kwa maelfu, wengi kuliko niliowahi kuwapata kwa chungu changu. Mama prezida alikuwa ametupikia karamu bila kujua.

“Kabati,” nikasema. “Tunaleta kabati hapa.”

Lile kabati liliwashinda wanajeshi. Darasa langu lililibeba. Yule kijana mkubwa aliyerusha jembe ndiye aliyeshika mbele, uso wake ukiwa karibu kabisa na shela na vinyonga ndani yake, anahema, anasema, “Polepole, polepole, musibatikise!” Tuliliweka kando ya jaa, tukafungua milango. Tulikuwa hatujapumua vizuri, akatokea mama prezida na wamama wake, kila mmoja na ufagio. Walikuja kufagia shule kwa ajili ya mkaguzi.

“Mama, si pale!” nikamkimbilia. “Nakuomba. Leo ile takataka njo masomo.”

Alifungua mdomo anijibu. Wakati huo kinyonga mmoja kwenye tawi la mbele alielekeza macho yote mawili mahali pamoja, akatulia, na ulimi ukaruka. Kijinzi hakipo. Mama prezida akaufunga mdomo. Akainama. Ukaruka mwingine.

“Eeh!” akasema. “Ile kitoto inakula yenyewe?”

“Inakula pombe yako, Mama.”

Alinitazama kwa jicho kali, kisha akacheka kicheko kikubwa mpaka ufagio ukamdondoka. Akawageukia wenzake. “Hapa hakuna kufagia! Mwenye kugusa ile jaa atanijua!” Na akasimama pale pale, mlinzi.

Mkaguzi alifika na prefe saa za katikati ya asubuhi. Alikuwa mtu mkavu, suti ya kahawia yenye vumbi la reli, uso wa mtu ambaye treni ilimlaza kituo cha Luena bila yeye kupenda.

“Maabara iko wapi?” akauliza.

Prefe akafuta miwani, akaonyesha jaa.

“Hii ni takataka,” mkaguzi akasema.

“Ndiyo, Papa,” nikamjibu, kama tunavyowaita wakubwa. “Lakini iko na kazi.”

Alisogea aone kabati, na alipotambua kilicho kwenye matawi alirudi nyuma haraka, kiatu kikazama kwenye matope ya munkoyo mpaka soksi, na suruali ikarukiwa. Niliona uso wake. Digrii zake zote, na kinyonga alikuwa anamwogopa kama tulivyofundishwa sote kwa bibi zetu. Nikajua tumekwisha. Mtu hawezi kutoa maksi kwa kitu ambacho hataki kukitazama.

Binti wa Kabondo-Dianda akaanza somo. Alikuwa amefika kwenye ngozi na rangi, mkaguzi akiwa mbali anatazama saa yake, tukasikia ndege. Prefe akapiga filimbi. Amri ilikuwa amri: filimbi ikilia, kila mtu shimoni, na hakuna kuuliza ndege ya nani. Tukaporomoka wote, wanafunzi, wamama na mafagio yao, prefe, mkaguzi na suti yake. Binti peke yake alibaki juu. Nikamwita kwa nguvu zangu zote. Akachomoa tawi la mpera lenye vinyonga kutoka kabatini, akalikumbatia, akaruka.

Aliangukia kati yangu na mkaguzi. Handaki lilikuwa jembamba. Upande wa pili mkaguzi alibanwa na mama prezida, na mama prezida hakuwa mtu wa kusukumwa. Hakuwa na pa kwenda. Ndege ikapita juu yetu, kelele yake ikaingia mpaka kwenye meno, udongo ukatumwagikia vichwani, mwanafunzi mmoja akaanza kulia. Na vijinzi, jamani, vijinzi walikuwa wamemfuata mkaguzi shimoni kwa sababu ya ile suruali yake. Mmoja akatua kwenye mkono wa koti lake. Tawi lilikuwa pale pale. Kinyonga mdogo akageuza jicho moja, akageuza la pili.

“Papa, tafadhali, musitikisike,” binti akasema taratibu, kelele ya ndege ikiwa inafifia. “Anapima umbali. Jicho moja halitoshi kupima, njo maana ameleta yote mawili.”

Mkaguzi hakutikisika. Sidhani hata alipumua. Ulimi ukaruka, ukagusa koti lake, ukarudi na kijinzi. Mama prezida akanong’ona, “Haleluya.”

Mkaguzi akausogeza ule mkono wa koti karibu na tawi.

“Tena,” akasema kwa sauti ndogo.

Basi somo likaendelea humo shimoni. Ndege ilikwisha kwenda, ilikuwa ya mizigo tu, prefe alikwisha kupiga filimbi ya kutoka, na hakuna aliyetoka. Mkaguzi alimuuliza ulimi unasukumwa na nini, akamjibu. Akamuuliza kwa nini mama yao aliyaficha mayai udongoni na kwenda zake, akamjibu. Akamuuliza dume na jike wanatambulikanaje wakiwa wadogo hivi. Binti akawatazama vinyonga wake mmoja mmoja.

“Sijui, Papa,” akasema. “Natazama kila siku, bado sijaona. Nikiona nitajua.”

Mkaguzi akajifuta udongo usoni kwa kitambaa, akamgeukia prefe, ambaye miwani yake ilikuwa imepotea matopeni.

“Hii opsyo haifungwi,” akasema. “Nimekagua maabara yenye darubini kumi na sijaona mwanafunzi anayetazama.”

Vigelegele alivyopiga mama prezida ndani ya lile shimo, masikio yangu yalilia mpaka jioni. Wanafunzi walimbeba prefe juu kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumbeba mkaguzi. Yule kijana mkubwa alikuwa anaruka na kuimba peke yake kando ya jaa. Mimi nilikaa chini shimoni na gauni langu limeharibika, nikalia kwa sauti, wala sikujificha.

Mchana huo huo tuliwapeleka vinyonga kwenye vichaka vya nyuma ya uzio, kila mwanafunzi na tawi lake. Nikamtumia baba wa binti neno kwa mchuuzi wa baiskeli aliyekuwa anaelekea njia ya Bukama, inayopita kwao: amwambie binti yake haji, yuko kazini, na yule mchumba atafute mwingine. Mchuuzi akaniuliza aseme limetoka kwa nani. Nikamwambia aseme limetoka kwa mwanamke asiye mpole.

Nilipogeuka, binti alikuwa amebaki peke yake kichakani, mikono mitupu, matope kila mahali, anatazama mahali ambapo kinyonga wake wa mwisho alikuwa amekwisha kuwa jani. Nikafikiri analia. Alikuwa anawaza.

“Madamu,” akasema, “mu trimestri inayokuja, tutapasua chura?”

“Tafuta chura,” nikamwambia.